Bawabu Asiyeweza Kufunga Mlango

Kitenzi "kufunga" kilikuwa mwiba katika ufundishaji wangu wa fizikia kwa zaidi ya miaka thelathini, na sidhani kwamba lawama ni ya kitenzi. Mswahili akifunga bomba, maji hukatika. Akifunga mlango, watu hawapiti. Akifunga redio, sauti hunyamaza. Akifunga duka, biashara ya siku ile imekwisha. Popote ulikutapo neno hili, kilichokuwa kikipita huwa kimezuiwa. Kisha mwalimu huingia darasani akawaambia wanafunzi kwamba umeme hupita pale tu saketi inapofungwa, na ikifunguliwa hukatika. Mwanafunzi huandika kwa kuwa mwalimu amesema, lakini moyoni hubaki na milango miwili inayopingana.

Chanzo chake si kigumu kukiona. Kiingereza, ambamo istilahi hizi zilitoka, huitazama swichi kama daraja: pengo likizibwa, njia imekamilika, umeme unavuka. Kiswahili cha kila siku huitazama kama bomba au mlango. Ungedhani sisi wa Mwanza tungelielewa daraja upesi kuliko wengine, kwani tulisubiri pantoni pale Kigongo miaka na miaka, hadi daraja la kilomita 3 la kuvukia Busisi lilipokamilika mwaka 2025. Lakini tazama lugha ilivyo na ukaidi: siku ile daraja *lilifunguliwa*, ndipo magari yakapita. Hakuna gazeti lililoandika kwamba daraja limefungwa ili watu wavuke.

Katika umeme wa nyumbani tumeokolewa na washa na zima, vitenzi vya moto, vya koroboi na kuni. Ni vitenzi vizuri, na havimpotoshi mtu. Tatizo huanza fundi anapofungua kifuniko cha mashine na kutaka kujua ndani kunatendeka nini.

Ningeliacha jambo hili miongoni mwa kero ndogo za mwalimu mstaafu, lau si injini moja ya boti ya dagaa. Kijana niliyemfundisha zamani, ambaye leo ni fundi wa injini upande wa Kirumba, si mbali na soko la Mwaloni, alinijia na nakala chakavu ya kitabu cha maelekezo cha Kiingereza.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, baba. Za ziwani?"

"Za ziwani si nzuri. Kuna injini haitaki kuzimika."

Akanieleza. Fundi mwingine alikuwa ameifanyia kazi kabla yake. Alisoma kwenye kitabu kwamba injini husimama pale saketi ya kuzimia "inapofungwa", akaelewa kama mtu yeyote aliyezaliwa katika lugha hii ambavyo angeelewa: kufunga ni kukata. Waya aliokuta umegusana na bodi ya injini akaukata, akauviringishia utepe, akaridhika. Injini ikawaka vizuri. Ilipofika wakati wa kuizima ikakataa, na nahodha akalazimika kubana mpira wa mafuta na kungoja injini ife njaa.

Aliye nchi kavu anaweza kucheka. Lakini waya ule ndio uliokuwa ukiitumikia ile kamba nyekundu ambayo nahodha hujifunga mkononi, ili akichomoka botini, kishikizo kichomoke pamoja naye na injini izimike hapo hapo. Waya ukishakatwa, kamba huwa pambo. Nahodha akianguka usiku, boti huendelea na safari bila yeye, au humzunguka, na panga la injini halichagui. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku, tena usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi hushindana na taa zao. Hapo ndipo nilipoanza kuyatazama maneno yetu ya umeme kwa jicho jingine.

Ndani ya injini kama ile, na ndani ya bodaboda nyingi zinazopita Igoma na Buhongwa, kimo kijisanduku ambacho mafundi hukiita sidiai. Kimejazwa gundi nyeusi iliyokauka ikawa kama jiwe, na kikifa hakitengenezwi, hubadilishwa. Kazi yake ni hii. Sumaku za flaiwili zinapozunguka, koili moja huzalisha umeme unaojaza kapasita hadi kufikia volti mia mbili, mia tatu au zaidi. Kapasita hukaa imejaa, kama mtungi uliozibwa. Kwa wakati maalumu wa mzunguko, koili nyingine ndogo hutoa ishara dhaifu, na ishara hiyo hufungua njia: umeme wote wa kapasita humwagika kwa mkupuo katika koili ya kuwashia, nayo huukuza hadi maelfu kwa maelfu ya volti, na cheche hutokea kwenye plagi. Kisha njia hujifunga, kapasita hujaa tena.

Kinachofungua njia hiyo ndicho kisa cha makala haya: thairista.

Wazo la swichi hii ya tabaka nne za silikoni lilifanyiwa kazi katika maabara za Bell huko Marekani katikati ya miaka ya 1950, na mwaka 1957 kampuni ya General Electric, kwa juhudi za wahandisi kama Gordon Hall, ilikuwa nayo mkononi kama kifaa cha kubeba umeme mkubwa. Jina lake lina nasaba ya kupendeza. Limeunganishwa kutokana na "transista" na "thairatroni", kifaa cha zamani cha bomba la kioo lenye gesi kilichofanya kazi ya namna hiyo hiyo. Na thairatroni yenyewe imetokana na neno la Kigiriki *thyra*, yaani mlango. Waliokiita hivyo, kumbe, waliona kama tunavyoona sisi. Waliona mlango, si daraja. (Wakazi wa Mwanza wataniruhusu nitabasamu: tunalo soko liitwalo Mlango Mmoja, na sijui jina lipi lingefaa zaidi kwa kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu.)

Thairista ina miguu mitatu. Umeme mkubwa huingilia anodi na kutokea kathodi. Mguu wa tatu, ule mdogo, Kiingereza huuita kwa neno lenye maana ya geti, nasi mara nyingi tumeufasiri kuwa "lango". Hapa ndipo ninapopinga.

Kila mpenzi wa sarufi anajua kwamba lango ni mlango uliokuzwa. Tumeuondoa *m-* wa mlango kama tuondoavyo katika mtu tukapata jitu, au katika mdomo tukapata domo. Lango ni la boma na la ngome. Kwenye lango hupita ng'ombe na majeshi. Sasa mwanafunzi anaambiwa kwamba mguu mwembamba kuliko yote, usiopitisha ila miliampea chache, ndio lango, ilhali umeme wa ampea kumi, mia, hata elfu, unapita kwingine kabisa. Atauona wapi ukweli? Atadhani kwamba umeme wote hupita langoni. Nimeona michoro ya vijana ikionyesha hivyo hasa, na nikielekeza kosa, wananijibu kwa haki: "Lakini si ndilo lango, Mwalimu?"

Mguu ule haupitishi umati. Unatoa ruhusa. Na Kiswahili kinaye mtu wa kazi hiyo tangu zamani: bawabu. Neno limetufikia kutoka Kiarabu, katika mzizi wa *bab*, mlango. Basi mlango wa Kigiriki na mlango wa Kiarabu wamekutana ndani ya Kiswahili bila kupangiwa miadi. Thairista iwe mlango, na mguu wa tatu uwe bawabu. Sisemi tuitupe "thairista". Jina la kifaa na likopwe, halina ubaya, lina vokali mwishoni na linakubali "za" na "zile" bila manung'uniko. Ninachodai ni kwamba viungo vya kifaa na matendo yake yasemwe kwa maneno yanayomwonyesha Mswahili kitu kilivyo.

Bawabu huyu, hata hivyo, ana kasoro ya ajabu. Anaweza kufungua mlango, hawezi kuufunga. Akishautoa mkono wake kwenye komeo, amri imemtoka. Mlango utabaki wazi hata akiondoka, hata akilia. Utajifunga pale tu watu watakapopungua hadi kukaribia kwisha.

Hapa ndipo mnyambuliko wa vitenzi vyetu unapofanya kazi ambayo Kiingereza huifanya kwa aya nzima. Diodi *hufunguka* yenyewe na *hujifunga* yenyewe, kwa kufuata mwelekeo wa umeme, haingoji mtu. Transista *hufunguliwa* na *hufungwa*. Mwenye amri ana mamlaka yote mawili. Thairista *hufunguliwa*, na *hujifunga*. Kauli ya kutendwa upande mmoja, kirejeshi *-ji-* upande wa pili. Nimewahi kuandika vitenzi hivyo ubaoni, pasipo neno lolote zaidi, na vijana wakaviona vifaa vitatu. Kuna hata jamaa wa thairista aliyeundwa ili bawabu aweze kufungua na kufunga kwa mguu ule ule; huyo naye *hufunguliwa* na *hufungwa*, na mara moja unajua kwamba tabia yake imesogea upande wa transista.

Kwa nini mlango hubaki wazi? Kwa sababu ndani ya tabaka zile nne ni kana kwamba zimo transista mbili zilizoshikana, kila moja ikimlisha mwenzake. Ya kwanza ikipata kichocheo humpa ya pili, ya pili humrudishia ya kwanza zaidi ya alichotoa, na baada ya hapo hazimhitaji tena aliyezichochea. Niliwahi kulihangaikia neno la hali hiyo kwa muda mrefu, na aliyenipa ni binti mmoja wa Ukerewe katika klabu ya sayansi, ambako baada ya vipindi tuliruhusiana kuzungumza Kiswahili. "Ni moto, Mwalimu," alisema. "Ukishashika, kiberiti hakina kazi."

Moto ukishashika! Tangu siku ile nimekuwa nikitofautisha *mkondo wa kushika* na *mkondo wa kushikilia*. Wa kwanza ni kiasi cha umeme ambacho lazima kifikiwe kabla bawabu hajaondoa mkono, la sivyo mlango hurudi kama kuni mbichi zilizokataa. Wa pili, ambao ni mdogo zaidi, ni kiasi ambacho umeme ukipungua chini yake, mlango hujifunga. Wahandisi hutenga mikondo hiyo miwili kwa maneno mawili wanayoyakariri. Sisi tunaitenga kwa viambishi tu, shika na shikilia, na tofauti ya maana inasikika sikioni. Binti yule, nasema kwa uchungu, aliandika mistari miwili tu alipoulizwa jambo hilo hilo kwa Kiingereza.

Kwa washairi labda mfano wa mkondo geu utakuwa mtamu zaidi. Umeme wa majumbani hugeuka mara 50 kwa sekunde, kwenda na kurudi, hivyo hupita kwenye sufuri mara 100 kila sekunde. Kila nusu ya mwendo huchukua sekunde moja ya mia. Ifikirie nusu hiyo kuwa mshororo wa mizani kumi na sita. Bawabu akifungua tangu mizani ya kwanza, mshororo wote hupita na taa huwaka kikamilifu. Akingoja ukwapi uishe, akafungua mwanzoni mwa utao, hupita nusu tu ya nguvu, na taa hufifia. Akifungua penye mizani ya kumi na nne, utaona wekundu tu wa waya. Lakini afungue popote apendapo, mshororo humalizikia pale pale, kwenye sufuri, na mlango hujifunga wenyewe. Ana hiari ya kuingia; kituo hakimhusu. Kwa kuwa mlango mmoja hupitisha upande mmoja, kwa kwenda na kurudi huhitajika miwili iliyogeuziana migongo, au kifaa kimoja kiitwacho traiaki kinachofanya kazi ya yote miwili.

Na injini ya bodaboda ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, cheche hutolewa mara 100 kwa sekunde katika zile zinazotoa cheche kila mzunguko. Mia moja na mia moja. Kidude cha ndani ya gundi nyeusi, kilicho porini mbali na nguzo ya umeme, kinahesabu kama taa ya sebuleni.

Tukirudi kwa yule fundi wa Kirumba: nilimchorea mlango na bawabu, kisha nikamwuliza, ikiwa bawabu hawezi kufunga, injini tutaizimaje? Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Tunawazuia watu wasifike mlangoni." Ndivyo hasa. Waya wa kuzimia, ukigusana na bodi, huuelekeza umeme wa koili ya kujazia urudi njia fupi, na kapasita haijai. Bawabu anaendelea kupokea ishara yake kila mzunguko, anaendelea kufungua kwa uaminifu, lakini hakuna anayepita. Hakuna cheche, injini inasimama. Kwa hiyo ili kuzima, nyaya lazima *ziguswe*, yaani zile ambazo kitabu kilisema "zifungwe". Aliunganisha waya, akaifunga kamba mkononi mwake mwenyewe, akaivuta mara tatu mbele yangu, na mara zote tatu injini ilinyamaza.

Siku hizi, katika kuongea na mafundi, sisemi kabisa saketi imefungwa au imefunguliwa. Nasema *imeungana* na *imekatika*. Kufungua na kufunga naviacha kwa mlango. Wapo wenzangu wanaolalamika kwamba naivuruga istilahi iliyokwisha kusanifiwa. Najua thamani ya usanifu. *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* ya TUKI ya mwaka 1990 ilikaa mezani pangu hadi jalada likachanika, na sina dharau kwa waliolima shamba hilo peke yao. Lakini istilahi nyingi ziliandaliwa kwa ajili ya darasa ambalo halikuja. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985, haikuwa. Sera ya elimu ya 2014 ikakitaja tena Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Nimestaafu kabla sijaiona sekondari hiyo. Matokeo yake ni kwamba maneno hayakupata vijana wa kuyasugua, wakayakataa haya na kuyapenda yale. Neno lisilotumika halijulikani kasoro yake mpaka boti ikatae kuzimika.

Thairista si vidude vya bodaboda tu. Kule Suswa, Kenya, ndiko uliko mwisho wa laini ya mkondo mnyoofu ya kilovolti 500 inayotoka Wolayta Sodo, Ethiopia, umbali wa kilomita zipatazo 1,045, iliyoanza kazi mwaka 2022. Na tangu miaka ya 1980 ipo nyingine ndefu zaidi, kama kilomita 1,700, inayotoka Inga hadi Kolwezi katika Kongo, mji ambao mafundi wake huulizana kwa Kiswahili. Kwenye vituo hivyo thairista hupangwa mfululizo, mlango nyuma ya mlango, ili kwa pamoja ziweze kuhimili volti ambazo mmoja wao angeyeyuka nazo. Huko kitenzi changu "hujifunga" hupata mtihani. Pale Suswa mkondo mnyoofu hugeuzwa kuwa mkondo geu, na kila mlango hufungika kwa sababu volteji ya gridi yenyewe huwahamishia wapitaji kwenye mlango unaofuata. Gridi ikiyumba vibaya kwa wakati huo, mlango uliotarajiwa kujifunga hubaki wazi, na zamu yote huvurugika. Pengine ingefaa kusema *hufungishwa*, ila neno hilo tumeshawapa kadhi na padri.

Limebaki jambo moja ambalo sijalipatia neno. Volteji ikipanda kwa ghafla mno kati ya anodi na kathodi, mlango *hufunguka*. Sisemi hufunguliwa, kwani bawabu hakuamriwa na mtu. Ni umati uliousukuma mlango kwa kishindo. Dawa yake ni resista na kapasita zilizofuatana, zikawekwa sambamba na thairista ili zimeze ule mshtuko wa kwanza. Mtindo huu umo karibu katika kila saketi nzito ya thairista, nami nimeuita "kitulizo" kwa muda, bila kuridhika, maana kitulizo hunukia dawa ya maumivu. Yule fundi wa Kirumba nilipomweleza hakufikiri hata sekunde: "Hiyo ni shokomzoba, Mwalimu." Neno limetoka kwenye magari, lina vumbi na grisi, na wenzangu wa istilahi watalikunjia uso. Mwenye bora zaidi alilete. Mpaka hapo nitaliandika hilo, na kina chake, *-ba*, hakina uhaba.